Mtoto Ameleta Kazi ya Ziada: Tumsaidieje?

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Mukurweini)

 

Jambo tulilokuja nalo mnalijua. Jioni mtoto anafungua daftari, anasema, "Mama, nisaidie." Mama anamwambia, "Ngoja baba yako." Baba naye anasema, "Kamuulize mwalimu." Kesho yake mtoto anaamka mapema kwenda kunakili kwa mwenzake. Anapata vema, sisi tunafurahi. Mtihani ukija, tunaanza kumlaumu mwalimu.

Wengi wetu tunaona haya kwa kuwa tuliacha shule mapema. Lakini tunataka kuwaambia hivi: mara nyingi kinachomshinda mtoto si hesabu, ni Kiingereza kilichoandikiwa hesabu. Kwa utaratibu wa serikali, gredi ya 1 hadi ya 3 mtoto hufundishwa kwa lugha ya mahali anapoishi. Kuanzia gredi ya 4 masomo huwa kwa Kiingereza. Hapo ndipo wengi hujikwaa.

Hesabu yenyewe mnaijua. Mama anayepeleka maziwa kwa Wakulima, kampuni iliyoanza mwaka 1990 kama kikundi cha kujisaidia kama hivi vyetu, anajua lita zake za mwezi na pesa anazodai. Nani atamdanganya?

Hebu tutazame swali moja. "Njeri has 20 eggs. Kamau has 12 eggs. How many more eggs does Njeri have than Kamau?" Mtoto akiona neno "more" anajua ni zaidi, basi anajumlisha na kuandika 32. Amekosa. Sasa mwambie akueleze hiyo hadithi kwa Kikuyu au Kiswahili. Apange maharagwe 20 ya Njeri, na chini yake 12 ya Kamau, moja kwa moja. Yale ya Njeri yaliyokosa mwenzake ni 8. Hilo ndilo jibu: 20 toa 12.

Kwa hivyo fuateni hatua hizi:

1. Mtoto asome swali kwa sauti, mara mbili.
2. Aeleze kwa lugha ya nyumbani: tumeambiwa nini? Tunaulizwa nini?
3. Aonyeshe kwa maharagwe, vijiti au shilingi.
4. Aandike, kisha umuulize: "Jibu hili laweza kuwa kweli?" Kama Njeri ana mayai 20 tu, atamzidi Kamau kwa 32 namna gani?

Tazameni, hakuna hatua hata moja inayotaka mzazi ajue kusoma.

Tukija kwa sehemu, mtoto atasema robo ni kubwa kuliko theluthi, ati kwa sababu 4 ni kubwa kuliko 3. Usibishane naye. Kata chapati moja kwa watu 3 na nyingine kwa watu 4, halafu umwachie achague kipande.

Kwa Kiingereza, shida nyingine zatoka kwa lugha zetu. Sisi twasema "yeye" kwa mwanamume na kwa mwanamke, basi mtoto anaandika "My mother he is cooking." Mfundishe kuuliza kwanza: ni mume au ni mke? Tena Kikuyu hakina sauti ya L, kwa hivyo mtoto huchanganya L na R, "rice" inageuka "lice," na wali unakuwa chawa! Tusimcheke. Asome neno kitabuni, alinakili, alifunike, aliandike tena.

Jambo moja tunawasihi: msimfanyie mtoto kazi yake. Akikwama, aache mahali alipofika ili mwalimu aone shida iko wapi. Daftari safi lililojazwa na mtu mzima linamficha mgonjwa daktari asimwone.

Na msichana je? Kama yeye anachota maji na kupika huku kaka yake anasoma, atafika kwa daftari akiwa anasinzia. Gaweni kazi za jioni sawasawa.

Na kama bado unaona haya, mkumbuke mzee Kimani Maruge. Elimu ya msingi ilifanywa ya bure mwaka 2003, na mwaka 2004 mzee huyo aliingia darasa la kwanza huko Eldoret akiwa na miaka 84. Kuketi kando ya mtoto wako kwa nusu saa si aibu.

Kikundi nacho kinaweza kusaidia. Chagueni nyumba moja yenye taa nzuri, watoto wa jirani wakutane hapo jioni mbili kwa wiki, na mmoja wa sekondari awaongoze. Mzazi mmoja awepo kila mara. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Maswali ya kujadiliana kikundini:

1. Nyumbani kwetu, nani huketi na mtoto akisoma?
2. Wasichana wetu hupata saa ngapi za kusoma jioni?
3. Nyumba gani itafaa, na tutaanza lini?