Hongo ya Jana na Ushuru wa Leo: Mlipaji ni Nani?

(Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Gongoni, Tabora)



Katika mikutano ya vyama yapo maswali mawili yanayorudi kila msimu. La kwanza huulizwa mbele ya mizani: mbona bei ya zao imepungua kabla haijamfikia mkulima? La pili huulizwa mbele ya duka: mbona sukari, mafuta na nguo vimepanda? Wengi huyatenga maswali haya kana kwamba moja ni la mkulima na jingine ni la mlaji. Lakini mwanachama ni yule yule mmoja. Asubuhi ni muuzaji, jioni ni mnunuzi. Na ndani ya maswali yote mawili umo ushuru.

Mazungumzo haya yana jambo moja la kueleza. Ushuru haukai mahali ulipotozwa. Husafiri kutoka mkono hadi mkono mpaka umfikie yule asiyeweza kumsukumia mwingine. Na pale ambapo haujulikani ni wa nani wala ni wa kazi gani, huzaa siasa ya ugomvi. Ushahidi wa jambo hili haupo mbali. Upo katika historia ya mji huu wa Tabora.

Hongo katika njia ya misafara

Burton na Speke walipofika hapa Novemba 1857, mahali hapa waliita Kazeh. Palikuwa njia panda. Misafara kutoka pwani ya Bagamoyo ilipita Ugogo, ikapumzika Unyanyembe, kisha ikagawanyika: mingine Ujiji, mingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Mizigo ya kupanda bara ilikuwa nguo, shanga, nyaya za shaba, bunduki na baruti. Mizigo ya kuteremka ilikuwa pembe za ndovu. Na, kwa aibu ya zama zile, waliteremshwa pia binadamu waliotiwa utumwani.

Nguo iliyopendwa sana ilikuwa merikani, iliyopata jina hilo kwa sababu ilitoka Marekani. Mwaka 1833 Sayyid Said alikuwa ametia sahihi mkataba na nchi hiyo, na ushuru wa bidhaa zake ukawekwa kuwa asilimia 5. Asilimia 5 ni kidogo kwa kuitazama. Lakini huo ulikuwa mwanzo tu wa safari. Kutoka pwani mpaka hapa, watemi na wakuu wa nchi zilizopitiwa walidai hongo, hasa Ugogo ambako maji ni haba na msafara wa mamia ya watu huweza kukausha kisima kwa siku moja.

Isidhaniwe kuwa hongo ilikuwa uporaji mtupu. Ilikuwa malipo ya kupita, ya maji, na ya amani ya mwenye nchi. Ilijadiliwa mchana, mbele ya wazee, na mara nyingine mjadala ulichukua siku kadhaa. Swali ni hili: ni nani aliyeilipa?

Chukueni mfano wa hesabu tu. Mfanyabiashara ameondoka pwani na doti 100 za merikani. Njiani ametoa doti 20 za hongo. Amefika Tabora na doti 80. Ili doti hizo 80 zimrudishie thamani ya zile 100, hana budi kuipandisha kila doti kwa robo ya bei. Alichotoa njiani ni fungu moja katika matano; alichoongeza sokoni ni fungu moja katika manne. Mnyamwezi aliyeleta mpunga wake au pembe yake kubadilishana na nguo ndiye aliyelipa hongo ya Ugogo, ingawa hakuwahi kumwona mtemi wa Kigogo hata siku moja.

Ushuru ulioangusha utawala

Baada ya kufa mtemi Fundikira, utemi wa Unyanyembe ulishikwa na Mnwa Sele. Chini ya Fundikira wafanyabiashara wa Kiarabu walikuwa wamezoea kuingiza mali yao bila kutozwa. Mnwa Sele aliamuru kila bidhaa iingiayo nchini mwake itozwe ushuru. Kwa upande wake dai hilo lilikuwa na msingi: nchi ni yake, soko limestawi ndani yake, na wageni wanatajirika. Kwa upande wa wafanyabiashara lilikuwa uvunjaji wa desturi. Walikataa kulipa, vita vikazuka, naye akatolewa katika kiti. Mahali pake pakawekwa Mkasiwa, aliyekubaliana nao.

Speke aliporudi Kazeh mwaka 1861 alizikuta silaha zingali mikononi. Mnwa Sele alikuwa porini akiikata njia, misafara ikishambuliwa, na mwaka huo huo Snay bin Amir, mmoja wa wakubwa wa wafanyabiashara, aliuawa vitani. Mnwa Sele aliendelea kupigana mpaka alipouawa mwaka 1865. Wafanyabiashara walikuwa wamekataa ushuru ili kuiokoa faida. Wakaigharimia vita kwa mali na kwa roho za watu. Na njia ilipofungwa, walioumia hawakuwa wao peke yao. Mpagazi alikosa mzigo wa kubeba. Mkulima aliyezoea kuuza chakula kwa misafara alikosa mnunuzi.

Haikupita miaka mingi, jambo likarudi. Mwaka 1871 Mirambo wa Urambo aliuzuia msafara uliokuwa ukienda Ujiji. Stanley, aliyekuwa Kwihara wakati huo, ameandika kuwa Mirambo alidai mapipa matano ya baruti, bunduki tano na mizigo mitano ya nguo. Alipokwisha kupewa, akauamuru msafara urudi ulikotoka. Hapo tena haikuwa hongo, kwa maana aliyelipa hakupewa kile alicholipia. Waarabu wa Tabora wakaenda vitani wakashindwa. Mwezi Agosti Khamis bin Abdullah akauawa, na sehemu ya mji ikachomwa moto. Vita hivyo viliendelea mpaka mwaka 1875.

Stanley mwenyewe alilazimika kuzunguka kwa njia ya kusini ili amfikie Livingstone Ujiji. Alipoingia Uha alitozwa hongo kubwa, na mbele yake akaambiwa wapo wakuu wengine wanaongoja. Akaamua kuwapita usiku, kimya kimya, bila kulipa. Hilo nalo ni fundisho: tozo ikizidi kipimo, hata mwenye mali nyingi hugeuka kuwa mtu wa magendo, na mwenye nchi hukosa hata kile kidogo ambacho angalikipata.

Ushuru wa forodha na bei ya dukani

Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na hongo ya njiani ikawa historia. Lakini kanuni yake haikufa, ilihamia forodhani.

Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki, iliyoundwa kwa mkataba wa mwaka 1967, iliruhusu kodi maalumu juu ya bidhaa zilizohamishwa kutoka nchi mwanachama moja kwenda nyingine, ili nchi zenye viwanda vichache zipate nafasi ya kuvijenga. Manung'uniko juu ya nchi ipi inafaidi soko hayakuisha, na pamoja na sababu nyingine yakaivunja Jumuiya mwaka 1977. Mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa mwaka huo, ukafunguliwa mwaka 1983. Jumuiya mpya ilianza umoja wa forodha tarehe 1 Januari 2005 kwa viwango vitatu: sifuri kwa malighafi, asilimia 10 kwa bidhaa za kati, na asilimia 25 kwa bidhaa zilizokamilika. Julai 2022 kikaongezwa kiwango cha nne, asilimia 35. Sukari iliwekwa pembeni, katika bidhaa nyeti, kwa asilimia 100.

Katibu na aifanye hesabu hii mbele ya wanachama. Bidhaa imefika bandarini ikiwa na thamani ya shilingi 100,000. Ushuru wa asilimia 25 unaifanya 125,000. Kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 huhesabiwa juu ya hizo 125,000, nayo inafika 147,500. Mfanyabiashara akiweka faida ya asilimia 20, bei ni 177,000. Ushuru usingalikuwapo, kwa hesabu hiyo hiyo bei ingalikuwa 141,600. Serikali imetoza ushuru wa shilingi 25,000. Mlaji ameongezewa 35,400. Ni ile ile hesabu ya doti 80.

Haina maana kwamba ushuru wa forodha ni kosa. Ushuru wa sukari huwalinda wakulima wa miwa na wafanyakazi wa viwanda vya Kilombero, Mtibwa, Kagera na Moshi. Mlaji hulipa zaidi ili kiwanda cha nchi kiishi. Hayo ni mapatano ya heshima, mradi kila upande uyajue. Mwanzoni mwa mwaka 2024, mvua kubwa za El Niño zilipozuia uvunaji wa miwa, kilo moja ya sukari ilipita shilingi 4,000 mahali pengi. Ndipo ilipoonekana kuwa wananchi wengi hawakujua ni nani aruhusuye sukari kuingia, kwa kibali gani na kwa ushuru gani. Mjadala ulifika bungeni, ukawa mkali, na Juni mwaka huo mbunge mmoja akasimamishwa kuhudhuria vikao 15. Kilo ya sukari ilikuwa imekwisha kuwa siasa ya taifa.

Mataifa makubwa nayo hayakusalimika. Aprili 2025 Marekani ilitangaza ushuru wa asilimia 10 kwa bidhaa za nchi nyingi, Tanzania ikiwamo. Raia wake waliambiwa kwamba mgeni ndiye atakayelipa. Lakini anayelipa forodhani ni mwingizaji wa huko huko Marekani. Huyo ana njia mbili za kujiponya: kumpandishia bei mlaji wake, au kumbana mgeni anayemuuzia apunguze bei. Nchi ile ile iliyojipatia kwa mkataba asilimia 5 Zanzibar ilikuwa sasa ikijifunza somo la Ugogo.

Ushuru wa zao na mkono wa mkulima

Bidhaa iingiayo hupandishwa bei na ushuru. Zao litokalo huwa kinyume: ushuru humshushia bei mkulima. Sababu ni nyepesi. Bei ya tumbaku, pamba au korosho hupangwa na soko la nje, na mnunuzi hawezi kumwambia mteja wa ng'ambo amwongezee kwa ajili ya halmashauri fulani. Kila tozo iliyopo kati ya shamba na meli huondolewa katika kile kinachorudi shambani.

Sheria ya Fedha ya mwaka 2017 ilishusha ushuru wa mazao wa halmashauri kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara, na hadi 2 kwa mazao ya chakula. Sheria humtaja mnunuzi kuwa ndiye mlipaji. Lakini mnunuzi naye hujua kuhesabu. Ushuru huo huuweka akilini kabla hajataja bei mnadani. Mwaka 2018 korosho ilionyesha jambo hilo mbele ya taifa zima. Mwezi Juni wabunge wa kusini walipinga vikali sheria ya kuondoa fedha za ushuru wa korosho ghafi katika mfuko wa zao na kuzipeleka zote Hazina. Msimu ulipofunguliwa wakulima wakazikataa bei za minada, na Novemba Serikali ikaamua kuinunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likishika usafirishaji.

Wajibu wa katibu

Chama cha msingi hakiwezi kubadili viwango vya forodha, wala bei ya dunia. Kinachoweza kufanya ni kuuondoa ushuru gizani. Bei iliyotajwa sokoni na iandikwe juu ya karatasi, na chini yake kila kinachoondolewa kiwe na mstari wake na jina lake: ushuru wa halmashauri, mchango wa chama, usafirishaji, mkopo wa pembejeo. Yasichanganywe katika neno moja la "makato". Karatasi hiyo ibandikwe ukutani kabla ya msimu kuanza, si baada ya fedha kugawanywa. Hotuba ya bajeti isomwayo kila Juni isikilizwe, kwa kuwa viwango vipya huanza Julai, na mwanachama asivisikie kwanza dukani. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na chama ambacho wanachama wake hawajui fedha zao zimeishia wapi hufa vivyo hivyo, hata kama katibu hakuiba senti moja. Wanachama huanza kuuza kwa walanguzi usiku, kama Stanley alivyopita Uha.

Neno hongo leo lina maana ya rushwa. Zamani lilikuwa jina la malipo yaliyopatanwa mchana, mbele ya wazee. Kila tozo inaweza kufuata njia hiyo ya kuporomoka: ikielezwa na kuandikwa, ni mchango wa mwananchi katika nchi yake, ikifichwa, huonekana wizi hata kama ni halali. Tofauti hiyo, ndugu makatibu, imo katika kalamu zenu.