Jumamosi tunapanda Monadnock: maneno kwa familia

Haya ni maneno ya kiongozi wa safari, aliyoyasema mbele ya familia za Manchester, New Hampshire, katika kikao cha kujiandaa kwa matembezi ya mlimani mwezi huu wa Oktoba. Tumeyachapa kwa ajili ya wale waliokuwa kazini siku ile.

Najua wengine mmetoka kazini moja kwa moja, na wengine mnaingia zamu ya usiku baadaye. Sitawachelewesha.

Tangu tangazo la safari litoke, nimeulizwa swali moja tu. Mama mmoja aliniambia: "Mwanangu, huko juu kuna nini? Kuna soko? Kuna shamba? Kuna ndugu wa kumsalimia?" Nikamjibu, hakuna, mama. Juu kuna mawe na upepo. Akacheka, akasema watu wa huku wana nguvu za kupoteza.

Ni swali la haki. Sisi tuliotoka milima ya Kivu, Fizi na Itombwe, au vilima vya Burundi, tumepanda milima maisha yetu yote na hatukuita mchezo. Tulipanda na mzigo wa muhogo kichwani na mtoto mgongoni. Na kuna kupanda kwingine ambako sitakusimulia hapa, kila mtu anajua kwake. Waliokaa Nyarugusu wanakumbuka habari ya kuni: mama akienda porini, nyumbani watu walihesabu saa mpaka arudi. Kwa wengi wetu msitu ni mahali pa kujificha au pa kuogopa.

Kwa sababu hiyo hiyo nataka twende pamoja. Watoto wetu wataingia msituni hata sisi tukibaki nyumbani. Shule zitawapeleka, marafiki zao watawaalika. Karatasi ya ruhusa ikija, mzazi asiyeujua msitu huo ana njia mbili: akatae kwa woga, au atie sahihi bila kujua mtoto anakwenda wapi. Afadhali tuione njia kwa macho yetu, ili siku ya kukataa tukatae kwa sababu, na siku ya kuruhusu tujue la kumwambia mtoto.

Sasa mlima wenyewe. Monadnock uko Jaffrey, karibu mwendo wa saa moja kwa gari kutoka hapa. Urefu wake ni futi 3,165, yaani mita 965 juu ya usawa wa bahari. Kwa mtu wa Itombwe hicho ni kilima, lakini msiudharau. Njia tutakayopanda inaitwa White Dot. Ni kama maili 2, kilomita 3 na kidogo, kutoka kwenye maegesho hadi kileleni. Mwanzo ni barabara pana ya msituni, rahisi hata kwa mtoto wa miaka saba. Baadaye inakuwa mawe, na kuna sehemu mtatumia mikono. Alama ni za rangi nyeupe, zimepakwa kwenye miti, na juu zaidi kwenye mawe. Usipoiona alama inayofuata, simama, rudi kwenye ile ya mwisho uliyoiona. Kushuka tutatumia White Cross, ndefu kidogo lakini haina mteremko mkali kama ile ya kwanza.

Kilele hakina miti, na sababu yake ni watu. Mwanzoni mwa karne ya 19 wakulima walichoma msitu ili wapate malisho. Baadaye wakachoma tena, wakiamini mbwa mwitu walijificha katika miti iliyoanguka. Udongo ukaisha, ukabaki mwamba. Ndiyo maana leo mtu akifika juu anaona pande zote. Siku ya mbingu safi unaweza kuona majengo marefu ya Boston upande wa kusini mashariki. Upande wa mashariki ndiko huku kwetu. Na chini, mwezi huu, msitu wote ni mwekundu na wa manjano.

Wanyama: hakuna simba, hakuna chui. Kuna dubu weusi, na kwa kawaida wakisikia watu wanaondoka. Ukimwona, usikimbie. Simama, ongea kwa sauti, rudi nyuma polepole.

Mnyama wa kuogopa ni mdogo. Ni kupe. Wafugaji mnamjua kwa ng'ombe. Huyu wa hapa huleta ugonjwa unaoitwa Lyme. Vaeni suruali ndefu, muiingize ndani ya soksi. Tukirudi nyumbani, kila mtu akaguliwe: kwapani, kwenye kinena, nyuma ya magoti, nyuma ya masikio na ndani ya nywele. Mama, fungua misuko uangalie ngozi ya kichwa. Ukimkuta kupe, mshike kwa kibanio karibu kabisa na ngozi, umvute taratibu kwenda juu. Usimchome moto, usimpake mafuta. Nguo ziingie kwenye mashine ya kukaushia, kwa joto kali, dakika 10. Ikiwa katika wiki zinazofuata mtu atapata homa, au alama nyekundu inayotanuka kwenye ngozi, aende kwa daktari na aseme wazi kwamba alikuwa msituni. Dawa ipo, na hufanya kazi vizuri zaidi ukiwahi.

Mavazi. Jinzi na fulana za pamba zikilowa jasho hazikauki, na kule juu upepo ni baridi kuliko hapa. Leteni sweta ya sufu au ya nailoni, koti la mvua, kofia na glavu, hata kama asubuhi kuna jua. Viatu viwe na soli inayoshika, sandali hapana. Asiye na koti au viatu aniambie leo, tuna vya kuazima. Rangi ya chungwa ni nzuri, kwa sababu huu ni msimu wa wawindaji.

Chakula ni kile mnachojua: mayai ya kuchemsha, viazi, chapati, karanga. Kila mtu mzima abebe lita mbili za maji. Msinywe maji ya kijito. Takataka zote tunarudi nazo. Mbwa hawaruhusiwi kule, na moto hauwashwi.

Saa. Tunaanza kupanda saa tatu asubuhi, yaani 9:00 kwenye simu. Saa saba mchana, 1:00, tunageuka, tumefika juu au hatujafika. Katikati ya Oktoba jua huzama kama saa kumi na mbili jioni, na msituni giza hutangulia. Mwendo ni wa yule aliye wa mwisho. Kijana mwenye mbio atamngoja bibi kwenye kila njia panda.

Mtu akiumia, piga 911. Omba mkalimani wa Kiswahili, taja Monadnock, na jina la njia. Wengine mmesikia kwamba New Hampshire inaweza kumtoza mtu gharama za kuokolewa. Ni kweli, ila sheria hiyo inamlenga aliyejiingiza hatarini kwa uzembe. Isiwafanye mkae kimya wakati mtu amevunjika mguu. Piga kwanza.

Jambo la mwisho, na hili nawaambia hasa wakubwa. Huenda katikati ya miti moyo ukaanza kwenda mbio, na si kwa sababu ya mlima. Harufu, ukimya, tawi likivunjika nyuma yako, vinaweza kurudisha mambo. Hiyo si aibu wala si udhaifu. Mwambie aliye karibu nawe, "Mimi naishia hapa." Hatutauliza kwa nini. Daima patakuwa na mtu wa kushuka nawe, na chini kuna meza, vyoo na chai ya moto. Anayetaka kukaa chini tangu mwanzo akae, atusubiri na sufuria. Naye amekuja safari.

Basi litaondoka hapa saa moja na nusu asubuhi, 7:30. Mvua kubwa ikitangazwa, nitawapigia simu Ijumaa jioni na tutasogeza wiki moja. Kabla ya kuondoka leo, andikeni majina ya watoto, umri wao, na dawa wanazotumia. Pumu msiisahau.