Meno ya Vijana Yakilegea



Leo tuzungumze juu ya fizi. Wengi wetu tunadhani meno kulegea ni mambo ya uzee. La, sivyo. Wapo vijana wa miaka 15, hata chini yake, ambao mfupa wa taya unaoshika meno umeanza kulika.

Nani yumo hatarini? Kwanza, kijana ambaye mzazi au ndugu yake aling'oka meno mapema. Ugonjwa huu hufuata ukoo. Si uchawi, jamani. Pili, mvuta sigara. Tatu, mwenye kisukari. Nne, asiyesafisha meno vizuri, maana ukoga ni nyumba ya vijidudu.

Ubaya wake, mara nyingi hauumi. Basi tuangalie dalili: fizi kutoka damu, meno ya mbele kuachana, gego kucheza.

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mfupa ukishalika haurudi wenyewe. Lakini tukiwahi matibabu, meno mengi huokoka. Mtoto mmoja akiugua, tuwapeleke na ndugu zake wakapimwe. Na sisi wazazi tupige mswaki asubuhi na usiku, watoto watuone. Hata mswaki wa mti unafaa.