Rafiki wa Mwanao

Juma lililopita tulijifunza kuandika barua. Leo tutaweka barua kando, tuzungumze habari ya nyumbani: mzazi na mtoto wake aliyefika umri wa ujana, rafiki zake, na shule yake. Maneno haya mmeyasikia katika redio. Sasa yamepigwa chapa ili myasome wenyewe, polepole, mkisaidiana. Asiyeweza kusoma mstari mzima na asome neno moja moja. Hakuna anayekimbizwa.

Kwanza tukumbuke mambo yalivyokuwa. Zamani, katika makabila yetu mengi, mzazi hakuketi na mtoto wake kuzungumza mambo ya ujana. Kazi hiyo ilikuwa na wenyewe. Mvulana alifundishwa jandoni. Msichana alikuwa na kungwi wake, au shangazi. Babu na bibi nao waliweza kumtania mjukuu na kumwuliza lolote. Mzazi alinyamaza, na kunyamaza kwake hakukuharibu kitu, maana walikuwapo wengine wa kusema.

Siku hizi watu hao wako wapi? Mara nyingi bibi yuko mbali, na shangazi ameolewa mji mwingine. Na kijana naye yuko shuleni mchana kutwa. Kati ya mwaka 2004 na 2009 zilijengwa shule nyingi za sekondari katika kata zetu hapa Tanzania. Tena mwezi wa Januari 2016 ada iliondolewa katika shule za serikali mpaka Kidato cha Nne. Hayo ni mambo mema sana. Lakini maana yake ni hii pia: watoto wengi wa miaka 14, 15 na 16 huondoka alfajiri, huenda kwa miguu, hukaa na wenzao mpaka jioni. Saa anazokaa na rafiki zake ni nyingi kuliko saa anazokaa nawe. Basi wewe ukinyamaza, huenda hakuna mtu mzima mwingine anayesema naye.

Sasa nitawaeleza jambo lililotokea nyumbani kwetu. Ni aibu kwangu, lakini nadhani litawafaa.

Mdogo wangu alikuwa na miaka 15, yuko Kidato cha Pili katika shule ya kata, upande wa Morogoro. Baba yetu alikuwa amekwisha fariki. Mimi nilifanya kazi mjini, na mama alibaki naye nyumbani. Siku moja mwalimu akaleta habari kwamba kijana haonekani shuleni siku za Ijumaa. Majirani wakasema, "Anafuatana na yule mwenzake aliyeacha shule." Na mwisho wa mwaka ulikuwapo mtihani wa taifa wa Kidato cha Pili. Asiyefaulu mtihani huo haendi Kidato cha Tatu, hurudia mwaka.

Nikapanda basi, nikaenda. Mimi ni ofisa elimu. Chuo kikuu nilisoma habari za malezi, nikapata stashahada. Mngedhani najua la kufanya. Nilimsimamisha kijana uani, mbele ya watu, tukasemezana hivi:

MIMI: Yule rafiki yako ni mhuni. Tangu leo nisikuone naye.
KIJANA: Ndiyo, kaka.
MIMI: Umesikia?
KIJANA: Nimesikia, kaka.

Nikarudi mjini nimeridhika. Nilidhani kazi imekwisha. Lakini hebu yasomeni tena maneno yale. Je, nilimwuliza jambo lolote? Nilimwuliza moja tu, "Umesikia?" na hilo si swali, ni amri. Baada ya majuma mawili mdogo wangu alikuwa akikosa shule siku mbili badala ya moja, na sasa alikuwa amejifunza kudanganya. Asubuhi alivaa sare, akachukua madaftari, akamwaga mama kwa adabu. Shuleni hakufika.

Mama yetu hakusoma chuo kikuu. Kusoma na kuandika alijifunza ukubwani, katika darasa kama hili lenu. Yeye hakumwita kijana mbele ya watu. Alingoja jioni moja walipokuwa wakipukuchua mahindi, wao wawili tu. Mikono ikiwa na kazi, na macho hayatazamani, ni rahisi zaidi kwa kijana kusema. Baadaye mama alinieleza mazungumzo yao. Someni wawili wawili, mmoja awe mama na mmoja awe kijana:

MAMA: Mwanangu, yule mwenzako hajambo? Siku nyingi simwoni.
KIJANA: Hajambo, mama.
MAMA: Anafanya nini siku hizi?

(Kijana akanyamaza. Mama naye akanyamaza, akaendelea kupukuchua.)

KIJANA: Anafyatua matofali kule mtoni.
MAMA: Kazi nzito hiyo kwa mtoto. Kwao hakuna mtu?
KIJANA: Yuko bibi yake tu, na bibi haoni. Asipofyatua, hawali. Ijumaa ndiyo siku ya malipo, na hulipwa kwa hesabu ya matofali. Tukiwa wawili tunafyatua mengi.
MAMA: Ehe.
KIJANA: Kaka alisema ni mhuni. Mama, si mhuni. Mwaka jana nilipougua homa shuleni, yeye ndiye aliyenibeba mpaka hapa.
MAMA: Nakumbuka, baba. Nakumbuka.

Mnaona, ndugu zangu? Wazee walisema, "Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki." Mdogo wangu alikuwa akilifuata neno hilo, na sisi tulikuwa tukimwadhibu kwalo.

Lakini sikilizeni vizuri. Mama hakusema, "Basi, endelea kukosa shule." Alisema hivi:

MAMA: Kumsaidia mwenzako si kosa. Kunidanganya ni kosa. Na kuacha masomo ni hasara yenu nyote wawili, maana ukianguka wewe, nani atamsaidia yeye? Jumamosi nenda ukafyatue naye, nakuruhusu. Ijumaa ni siku ya shule. Na Jumapili mwite aje ale hapa.

Jumapili akaja. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu, karibu." Akala ugali na mlenda, akafungiwa chakula cha bibi yake. Tangu siku hiyo mama alimjua. Kila alipopita njiani alimwita, akamwuliza habari ya bibi, akampa na maneno mawili matatu ya mzazi, naye aliyapokea.

Sitawaambia kwamba yote yalikwenda vizuri. Mdogo wangu alifaulu mtihani, lakini kwa shida, maana siku alizokosa zilikuwa nyingi. Rafiki yake hakurudi darasani mwaka ule. Hilo linaniuma mpaka leo. Mimi ndiye niliyekuwa ofisa elimu. Mimi ndiye niliyejua milango ya kugonga kwa ajili ya mtoto kama yule. Nami nilimwita mhuni kabla ya kumwuliza jina lake.

Basi jueni hili, lisiwapate kama lilivyonipata. Mtoto aliyeacha shule si lazima awe ameiacha milele. Mwezi wa Novemba 2021 serikali ya Tanzania ilitangaza kwamba wanafunzi waliokatiza masomo, na wasichana waliopata mimba wakiwa miongoni mwao, wanaruhusiwa kurudi shuleni. Kadhalika iko Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyoundwa kwa sheria mwaka 1975, ambayo ina masomo ya sekondari kwa vijana walio nje ya shule. Kama rafiki wa mwanao ameacha shule, usimfukuze uani kwako. Mpe habari hii, au nenda naye kwa mwalimu mkuu, au kwa ofisa elimu wa kata.

Najua baadhi yenu mtauliza, "Je, kama rafiki huyo ni mwizi kweli, au anavuta bangi?" Basi mkataze mwanao. Ni haki yako na ni wajibu wako. Lakini kataza baada ya kujua, na sababu umweleze. Kijana anayekuogopa tu hutii ukiwapo. Ukiondoka, hana la kumwongoza. Na kama ni binti, naye amekutajia jina la mvulana, usikimbilie kiboko. Leo amekuambia wewe. Ukimpiga, safari nyingine hatamwambia mtu, na hapo ndipo hatari ilipo.

Sasa mwalimu aandike maneno haya matatu ubaoni, nanyi myaandike katika madaftari yenu kwa herufi kubwa:

ULIZA. SIKILIZA. KARIBISHA.

Uliza kwanza, kabla ya kuhukumu. Sikiliza mpaka mwisho, hata akinyamaza katikati. Kisha mkaribishe rafiki yake nyumbani, umwone kwa macho yako mwenyewe.

Mkisha kusoma, zungumzeni maswali haya:

1. Kwa nini kijana alimjibu kaka yake "Ndiyo," kisha akafanya mengine?
2. Mama alikataza jambo gani, na aliruhusu jambo gani?
3. Ulipokuwa kijana, ni nani uliyeweza kumwambia siri yako? Mtoto wako anaye mtu kama huyo?

Na hii ndiyo kazi ya nyumbani. Juma hili mwulize mwanao jina la rafiki yake mkubwa, na kwao ni wapi. Siku hiyo usitoe mawaidha. Uliza tu, kisha sikiliza. Halafu andika jina hilo katika daftari lako, kwa mkono wako mwenyewe. Si lazima kulisoma mbele ya wenzako. Yatosha kwamba umelijua.

Kwaherini, ndugu zangu, mpaka juma lijalo panapo majaliwa.