Mavyaa na Mkazamwana: Urithi wa Bustani za Wanawake wa Kikurya



Ipo dhana iliyoenea mno katika risala za wataalamu wa elimu ya jadi, nayo ni kwamba maarifa ya mimea hushuka kwa damu, kutoka kwa mama hata kwa binti yake, na kwamba maadamu binti huyo sasa yuko shuleni, uzi umekatika, na lililobaki ni kuwawahi vikongwe tuyaandike waliyonayo kabla hawajafariki. Dhana hii husemwa kwa huruma nyingi, na pengine ndiyo sababu hakuna aliyeipekua. Nami leo nakusudia kuipekua, kwa kuwa katika nchi ya Wakurya, mkoani Mara, tangu viunga vya Turwa mjini Tarime hata vijiji vya Serengeti, haisimami.

Habari za koo, marika na ng'ombe wa mahari mwazijua, sitazirudia. Latosha moja: binti wa Kikurya haolewi akabaki kwao. Huondoka angali kijana, na ng'ombe walioletwa kwa ajili yake aghalabu humwozea kaka yake mke. Basi huyo anayeitwa mrithi wa bustani ni mtu asiyekuwapo, ilhali anayekuwapo kila alfajiri, akipalilia kando ya mwenye bustani, ni mkazamwana, asiye na damu naye hata chembe.

Nitajibiwa kwamba binti alikwisha jifunza utotoni. Alijifunza nini? Alijifunza kuchuma. Utazameni mgagani: huchumwa ncha ili utoe matawi, na maua yake hukatwa kila yachomozapo, maana ukiachwa utoe maua majani hudhoofika, lakini miche michache, iliyo bora kuliko yote, huachwa bila kuguswa hata vitumba vikauke, vikavunwa kabla ya kupasuka na kumwaga mbegu, nazo mbegu hizo zikipandwa papo hapo nyingi hazioti, sharti zikae miezi kadhaa. Kuchagua miche ya mbegu ni kazi ya mwenye bustani, wala hamwachii mtoto. Elimu hiyo yataka misimu mingi juu ya udongo ule ule, na anayeipata misimu hiyo ni mke wa mwana.

Mama yangu mzazi alipoolewa alikuja na mbegu za mgagani wa kwao katika pindo la kanga. Bibi yangu, mavyaa wake, alimpa tuta moja nyuma ya ghala la wimbi, mbali na mgagani wake mwenyewe, akatazama bila kusema neno. Ulipokuja ukame, wa bibi ulinyauka na wa mama ukasimama. Msimu uliofuata bibi aliomba mbegu kwa mkazamwana wake.

Katika maandishi yote juu ya Wakurya, sijapata kitabu ninachokirudia kwa mapenzi kama kile cha Eva Tobisson, kilichochapishwa Gothenburg mwaka 1986, kwa kuwa kinaitazama jamaa ya Kikurya kutoka ndani, ikikua na kugawanyika, ambapo kila mke ana nyumba yake na mashamba yake. Asomaye kwa makini hawezi tena kuiona bustani kama kiraka cha mboga kilichosahauliwa uani.

Burhani yangu kubwa kwamba bustani hurithiwa na mkazamwana ni ndoa iitwayo nyumba ntobhu. Mwanamke asiye na mwana wa kiume hulipa mahari akaoa mwanamke, na watoto wanaozaliwa huwa wa nyumba yake. Husemwa kwamba sababu ni mrithi wa mali na matunzo ya uzeeni, na ni kweli. Kadhalika ni kweli kwamba wamo wasichana walioolewa hivyo wakaonewa, wala insafu hairuhusu kulificha hilo. Hata hivyo naamini, wala sijasikia hoja ya kuniondoa hapo, kwamba ajuza huyo alitafuta pia mkono wa kuukabidhi jembe na kibuyu cha mbegu.

Kwa hiyo nawaomba wenzetu wa Kituo cha Mboga Duniani, Arusha, wapokeapo mbegu kutoka Mara, wasiandike jina la kijiji peke yake, bali waulize aliyeileta aliitoa kwao wapi, na mavyaa wake alikuwa akipanda ipi. Nao wapimao viwanja Turwa wamuulize mwenye tuta la uani kabla ya kuchora ramani. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 imempa mwanamke haki sawa na mwanamume, lakini hati aghalabu huandikwa jina la mume, na mkazamwana asiyepewa tuta hana pa kuzipandia mbegu za kwao.