Tyubu moja, dawa mbili: jihadhari na pomadi ya kupaka

(Mazungumzo haya yalitolewa na mwuguzi kwenye kibaraza cha zahanati, siku ya kliniki ya watoto. Tunayachapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.)

 

Leo tutazungumza juu ya kitu kidogo ambacho karibu kila nyumba inacho: tyubu ya dawa ya kupaka. Wengi wenu mliotoka Kongo na Burundi mnaiita pomadi. Inauzwa sokoni, jirani humwazima jirani, na mtoto akijikuna tu, anapakwa.

Mama mmoja alikuja hapa na mtoto wake mwenye choa shingoni. Alisema, "Ugonjwa huu umepona mara tatu." Kila alipopaka dawa ya dukani, muwasho uliisha kwa siku mbili. Alipoacha, choa kilirudi, tena kikubwa kuliko mwanzo. Siku alipofika kwetu kilikuwa kimeshuka mpaka mgongoni. Ndugu zangu, ugonjwa uliopona mara tatu haujapona hata mara moja.

Kwa nini ilikuwa hivyo? Ndani ya tyubu ile mlikuwa na dawa mbili zenye kazi tofauti. Ya kwanza huua fangasi, yaani vimelea vinavyoleta choa. Ya pili huitwa steroidi. Hii haiui fangasi hata kidogo. Kazi yake ni kutuliza muwasho na uvimbe, na inafanya hivyo kwa kuulaza ulinzi wa ngozi. Ni kama kumfunga mbwa mdomo wakati mwizi yuko ndani: kelele zinaisha, lakini mwizi anaendelea na kazi yake. Steroidi ikiwa kali, au ikipakwa kwa muda mrefu, fangasi husambaa. Hata ile pete ya choa, yenye ukingo ulioinuka na magamba, hupotea, na mganga anashindwa kuutambua ugonjwa.

Usome tyubu yako. Kama hujui kusoma, mpe mtoto wa shule akusomee. Majina clotrimazole na miconazole ni ya dawa za fangasi. Jina hydrocortisone ni la steroidi nyepesi. Majina betamethasone na clobetasol ni ya steroidi kali. Clobetasol ni miongoni mwa zile kali kabisa. Hiyo hiyo hutiwa katika baadhi ya krimu za kujichubua. Tyubu isiyo na jina la dawa wala tarehe ya mwisho wa kutumika, usiinunue.

Steroidi kali ikitumiwa ovyo huifanya ngozi kuwa nyembamba na kupauka. Huleta michirizi isiyofutika, hasa kwapani na kwenye mapaja. Usoni huleta chunusi. Ikipakwa karibu na macho kwa muda mrefu inaweza kudhuru macho. Mtoto mdogo yuko katika hatari zaidi, kwa sababu dawa hupenya ngozi yake kwa urahisi na kuingia mwilini, hasa ikipakwa chini ya nepi.

Je, dawa ya mchanganyiko ni mbaya siku zote? Hapana. Inafaa pale fangasi wanapoleta muwasho mkali na uvimbe, na mganga ameona hivyo. Ukipewa, fuata mambo haya:

1. Osha mahali penye ugonjwa, pakaushe vizuri, kisha paka.

2. Paka kidogo. Dawa iliyokamuliwa kutoka ncha ya kidole cha shahada cha mtu mzima hadi pingili ya kwanza inatosha eneo la viganja viwili pamoja na vidole vyake. Nawa mikono ukimaliza.

3. Usizidishe siku 7 bila kuambiwa na mganga.

4. Muwasho ukiisha, usidhani umepona. Endelea na dawa ya fangasi peke yake, isiyo na steroidi, kwa muda ulioagizwa. Kwa kawaida ni mpaka wiki 2 baada ya alama kutoweka.

5. Usipake usoni, sehemu za siri wala chini ya nepi ya mtoto kama hukuagizwa hivyo.

6. Usiazimane tyubu. Upele wa jirani si choa chako.

Kuna magonjwa ambayo tyubu hii haiwezi kuyaponya. Mapunye ya kichwani, ambayo wengine huita mashilingi, yanahitaji vidonge kwa wiki kadhaa, kwa sababu fangasi wameingia ndani ya mzizi wa nywele. Upele unaowasha sana usiku na kushika nyumba nzima una dawa yake, na wote wa nyumba hiyo hutibiwa siku moja. Na baka lililopauka ambalo ukiligusa huhisi kitu, njoo upesi: huenda ni ukoma. Ukoma unapona, na dawa zake hutolewa bure.

Labda umekwisha kupaka steroidi kali kwa wiki nyingi. Ukiacha, ngozi inaweza kuwaka moto na kuvimba. Hapo wengi hukimbilia dukani kununua tyubu nyingine. Usifanye hivyo. Njoo zahanati, na uje na tyubu yenyewe. Aliyepaka sehemu kubwa ya mwili kwa miezi mingi asiache ghafla kabla ya kuonana na daktari. Hatutakugombeza. Tunajua foleni ni ndefu na duka liko karibu. Lakini bila kuiona tyubu hatuwezi kujua ngozi yako imepitia nini.

Nyumbani, kila mtu awe na taulo na kitana chake. Anika nguo na matandiko juani. Kausha katikati ya vidole vya miguu, hasa wakati wa masika, maana fangasi hupenda unyevu.

Yule mama alipewa dawa ya fangasi peke yake, na vidonge kwa ajili ya mtoto. Siku za kwanza alilalamika kwamba dawa yetu ni dhaifu, kwa kuwa muwasho haukuisha kesho yake. Tulimwomba avumilie. Baada ya wiki nne ngozi ya mtoto ilikuwa safi, na safari hii haukurudi.

Nawe uliyesoma, msomee jirani asiyejua kusoma, halafu leo hii kaangalie tyubu iliyoko nyumbani kwako.