Mnara Umeuzwa, Kodi Atalipa Nani?

Mkulima wa Nyaishozi aliyekodisha pembe ya kibanja chake kwa ajili ya mnara wa simu, amdai nani kampuni inapobadilika?

Celtel iliitwa Zain mwaka 2008, kisha Airtel mwaka 2010. Waliobadilika ni wenye hisa na jina; kampuni ni ile ile, na mkataba unaendelea.

Lakini mwaka 2013 Vodacom iliiuzia minara yake kampuni ya Helios Towers. Huyo kisheria ni mtu mwingine. Haki yaweza kuhamishwa. Deni halihami bila ridhaa ya anayedai.

Basi kabla ya kutia saini karatasi mpya, mwenye kibanja aulize: malimbikizo ya zamani atalipa nani? Na jibu liandikwe.